Amortisere za Mama Chimène

Muuguzi Louise wa kituo cha afya cha Wamaza alipomaliza kumpima Cadette, alinawa mikono, akaikausha kwa koti lake, halafu badala ya kumwita mgonjwa mwingine akatoka nje kwenda kuitazama pikipiki. Cadette alimfuata polepole, mkono mmoja kiunoni. Mume wake, Muzaliwa, alikuwa ameketi juu ya pikipiki hiyo karibu na ukuta, kofia magotini, kama anavyongoja abiria kila siku kwenye kazi yake ya motari.

Louise alimwomba ashuke. Akaweka mikono miwili juu ya kiti cha nyuma, akakandamiza. Chuma kikagonga chuma. Wanawake waliokuwa kwenye foleni na watoto wao wakageuza vichwa.

"Baba Benita," Louise alisema, "mama huyu alishapasuliwa mara moja. Na huyu wa sasa amekaa vibaya. Hapa hatazaa. Inafaa aende Kasongo mbele ya maumivu kuanza, akae kule angoje siku yake. Lakini si juu ya kitu hiki."

Muzaliwa alijibu kwamba hana kitu kingine. Louise hakumgombeza. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba mshono wa ndani, ule wa kumzaa Benita, mtoto wao wa kwanza, haujulikani una nguvu kiasi gani. Barabara ya kwenda Kasongo ina mashimo ya kuweza kumeza mbuzi. Na mgongo wa pikipiki usio na resori, zile springi za nyuma, utamgonga mama huyo safari nzima. Mshono ukichanika njiani porini, alisema, hakuna mtu wa kuufunga. Mwanamke mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, bila hata kushusha sauti, kwamba ni ajabu motari kushindwa kumbeba mke wake mwenyewe.

Walirudi nyumbani kwa miguu, Muzaliwa akisukuma pikipiki, Cadette akitembea kando yake.

Ugonjwa wa pikipiki ile ulijulikana Wamaza nzima. Amortisere zake, zile resori mbili za nyuma zinazopokea uzito wa abiria na ubaya wa barabara, zilikuwa zimekwisha. Mafuta ya ndani yalikuwa yamevuja zamani, na Muzaliwa alikuwa amezizungushia vipande vya mpira wa tairi ili zisilale kabisa. Mbele nako furshi, ule uma unaoshika gurudumu, ilikuwa ikitema mafuta kwenye gurudumu. Mfanyabiashara mmoja aliyetoka machimbo ya Lusangi alishuka katikati ya safari, akashika mgongo, akalipa nusu, akamalizia njia kwa miguu. Maneno yakaenea. Pale parkingi, kwenye kituo cha motari, abiria walikuwa wakimpita Muzaliwa kama vile hayupo, na wenzake waliacha hata kumtania.

*

Kwanza alitafuta motari wa kumbebea mke. Alikwenda kwa Asani, mwenye pikipiki nzuri kuliko zote parkingi, mtu wa sala zake na maneno machache. Asani alimkaribisha, akampa chai, akamwambia kwamba hawezi. Haikuwa kwa ubaya. Mama aliyekaribia kuzaa, njia ile, mvua hizi. Akimfia mgongoni, atarudi Wamaza na kumwambia mume wake nini? Wengine wawili walikubali, ila bei waliyotaja ilikuwa chakula cha nyumba kwa mwezi mzima, na walitaka yote mbele. Muzaliwa aliwashukuru, akaondoka. Cadette alijua jibu kabla mume wake hajafungua mdomo, kwa namna alivyokaa mlangoni na kuanza kufuta kofia ambayo haikuwa na vumbi.

Kesho yake Cadette aliuza kuku wake wote, wakaenda pamoja kwa fundi Antoine.

Antoine alikuwa mzee mnene aliyefanyia kazi chini ya mabati manne kando ya soko. Aliwaambia ukweli. Amortisere mpya zinapatikana Kasongo, kwa hiyo ingefaa kwanza wafike Kasongo ili wapate kitu cha kuwafikisha Kasongo. Na hata wakifika, bei yake ni ya mbuzi watatu wazima. Kwa pesa za kuku angeweza kuponya mbele tu. Alifungua furshi, akamwaga maji meusi yaliyokuwa zamani mafuta, akabadilisha mipira ya kuzuia uvujaji, akatia mafuta mazito ya injini. Kisha akakata vipande viwili vya bomba la maji, kila kimoja urefu wa kidole, akavipachika juu ya resori za ndani ili zikae zimebanwa, zisizame kila zinapoona shimo. Pikipiki ikasimama mbele kama mtu aliyenyoosha shingo. Nyuma ikabaki vilevile.

"Hizi za nyuma zimekufa," alisema, akipangusa vidole. "Ningekudanganya ningekula makuta yako ya kuku bure. Hapa Wamaza kuna amortisere mbili tu za kufaa, na wewe unazijua."

Muzaliwa alitazama chini. Alizijua. Zilikuwa kwenye pikipiki ya Yves.

Yves alikuwa mwenzake wa kazi, wa kugawana abiria na kugawana mhogo wa kuchoma. Kiangazi kilichopita alipeleka wachimbaji kwenye kambi moja ya dhahabu ng'ambo ya Lusangi, akashikwa na homa hukohuko, akafa siku chache baadaye. Wakamzika palepale, kwa sababu hakukuwa na njia ya kumleta. Pikipiki ndiyo iliyorudi, ikiendeshwa na mtu asiyejulikana, na mjane wake Mathilde akaiingiza ndani ya nyumba, akaifunika kwa shuka. Ilikuwa bado na nguvu. Mwaka ule ule Yves alikuwa amezitoa zile amortisere za kiwandani na kuifungia nyingine nene, za kubebea mitungi ya mafuta ya mawese. Mathilde, ambaye watu humwita Mama Chimène kwa jina la binti yake mkubwa, alikuwa akingoja mnunuzi wa pikipiki nzima.

"Siwezi kwenda kule," Muzaliwa alimwambia mke wake njiani. "Tangu matanga yaishe sijakanyaga mlango wake. Sikuwa na kitu cha kupeleka. Sasa niende kuomba?"

"Hapana," Cadette alisema. "Nitaenda mimi."

*

Alimkuta Mathilde uani akitwanga sombe, majani ya mhogo. Cadette aliketi kwenye kigoda, akavuta sinia, akaanza kuchambua majani bila kuambiwa. Waliulizana habari za watoto. Mathilde alikuwa amekonda. Shati alilovaa lilikuwa la mwanamume.

"Mama Chimène," Cadette alisema mwishoni, "nimekuja kukuomba kitu kigumu."

"Ukisema kigumu, basi nakijua." Mathilde hakuacha kutwanga. "Walishakuja. Mmoja alitaka kioo. Mwingine alitaka tairi ya mbele, eti atalipa mwisho wa mwezi. Nilikataa wote. Nikitoa kimoja, kesho nitatoa kingine, na mwisho nitabaki na vyuma. Mununuzi akija, atanunua nini? Watoto wangu watasoma na nini?"

Cadette hakubisha. Alimweleza maneno ya Louise, yote, bila kuongeza. Alimweleza juu ya Asani, juu ya kuku, juu ya vipande vya bomba. Halafu, kwa kuwa walikuwa wanawake wawili peke yao, alifungua kitenge akamwonyesha kovu lililotoka kitovuni hadi chini, jinsi ngozi ilivyovutika na kung'aa. Mathilde alilitazama. Akarudi kwenye kinu chake, akatwanga muda mrefu, ingawa sombe ilikuwa imeshalainika.

"Nikikataa, na wewe ukafia njiani," alisema, "nitapita namna gani mbele ya nyumba yako?"

Aliweka mchi chini. Akasema hampi, anamwazima. Na hataki neno la Muzaliwa, kwa sababu wanaume wa parkingi huahidi kama wanavyopiga honi. Anataka neno la Cadette mwenyewe.

"Zirudi kwangu zote mbili. Wewe ndiye utazileta, kwa mikono yako. Mutu mwingine hapana."

Cadette aliapa. Mathilde akamwambia amlete Benita alale hapa na watoto wake mpaka mambo yaishe, kwa maana hospitali si mahali pa kuzurura na mtoto wa miaka minne. Hilo Cadette hakuwa ameliomba, na ndilo lililomtoa machozi.

Muzaliwa alikuja saa za mchana na funguo zake za boloni. Alisalimia akiwa ameinamisha kichwa. Aliondoa shuka, akalikunja vizuri, akaiweka pikipiki ya rafiki yake juu ya matofali ili isianguke, akafungua boloni nne zilizoshika amortisere, mojamoja. Mathilde alisimama mlangoni, amempa mgongo, mpaka kelele za chuma zilipokwisha. Alipogeuka, nyuma ya pikipiki ilikuwa wazi, na gurudumu lilining'inia. Akarudisha shuka yeye mwenyewe.

Kwa Antoine kazi haikuwa ya moja kwa moja. Amortisere zile zilikuwa ndefu kuliko za zamani kwa vidole viwili, na matundu yake yalikuwa mapana, hivyo boloni zilicheza ndani. Fundi alikata bomba jembamba, akalipitisha katikati, akazungushia mpira wa tairi la gari mpaka kila kitu kikakaza. Mkia wa pikipiki ukanyanyuka, mnyororo ukabidi uvutwe upya. Kisha akaizungusha pete ya chini ya kila resori hadi ngazi ya mwisho ya ulaini. Alieleza kwamba hizi zimezoea mizigo. Zikibeba mama mmoja tu zitakuwa ngumu kama gogo. Wapakie na nusu gunia la mchele, zipate kutulia. Mchele wangeuhitaji hata hivyo. Zile amortisere mbovu Muzaliwa alizifunga pembeni, kama moja ya hizi ingepasuka.

*

Waliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya mashamba ya mpunga. Cadette alikaa upande wa nyuma juu ya godoro lililokunjwa, gunia likiwa kati yake na mume wake, tumbo limefungwa kwa kitenge mara mbili kama Louise alivyomfundisha.

Aliijua pikipiki hiyo kwa mwili. Mwili wake ulikuwa umejifunza kukaza mgongo na kuuma meno kila kivuli cha shimo kilipoonekana. Baada ya soko la mwisho, barabara iliteremka kwenye korongo ambalo malori yalikuwa yamelichimba, na hapakuwa na pa kukwepa. Muzaliwa alipunguza mwendo. Cadette alishika tumbo kwa mikono yote, akafumba macho, akangoja. Gurudumu lilitumbukia. Nyuma ikashuka, ikaendelea kushuka, ikafika mahali ikasita, halafu ikapanda taratibu. Pigo halikuja.

Alifumbua macho. Walikuwa wameshavuka.

"Inaumiza?" Muzaliwa aliuliza bila kugeuka.

"Hapana. Endesha."

Aliendelea kukaza mgongo kwa muda mrefu baada ya hapo, kwani mwili hauamini haraka. Karibu na adhuhuri ndipo alipojikuta ameegemea gunia na mabega yamelegea. Aliona vitu ambavyo hakuwahi kuviona kwenye njia ile, kwa kuwa siku zote alikuwa akitazama chini: mnazi mmoja wa ajabu katikati ya michikichi, shule isiyo na paa, wanawake wakivua kwa vikapu kwenye maji ya rangi ya chai. Mume wake naye alikuwa akiendesha namna nyingine, kama mtu aliyebeba sahani ya maji. Kwenye madaraja ya magogo alimshusha, akapitisha pikipiki kwanza, akarudi kumshika mkono. Kwenye kizuizi, askari alipotaka kitu cha chai, Muzaliwa aliomba samahani kwa unyenyekevu ambao Cadette hakupenda kuutazama, akampa sigara mbili.

Mvua iliwakuta walipokaribia Kasongo. Tumbo lilikuwa limeanza kukaza na kuachia, kukaza na kuachia, lakini Cadette hakumwambia. Walifika jioni, wamelowa, tope hadi magotini. Alishuka mwenyewe, akasimama kwa miguu yake mbele ya mlango wa hospitali.

Walimpasua siku ya pili. Daktari alikuja kumwona baadaye, akamwambia kwamba mshono wa zamani ulikuwa umekuwa mwembamba kama karatasi ya sigara. Aliweza kuona nywele za mtoto kupitia hapo. Akamuuliza alikuja na nini kutoka Wamaza. Cadette alisema pikipiki. Daktari alitikisa kichwa kwa mshangao, akapita kitanda kingine. Mtoto alikuwa wa kike, mzima, mwenye sauti.

*

Kisha ikaja bili. Mama aliyepasuliwa hatoki mpaka imalizike. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria pale, na Cadette alikuta wanawake waliokuwa wameshapona zamani, wanapika na kufua uani kama wenyeji. Muzaliwa alijaribu kubeba abiria mjini. Motari wa Kasongo walimzunguka siku ya kwanza tu, wakamwambia kila parkingi ina wenyewe. Hakupigwa. Alivuliwa kofia, ikatupwa kwenye mtaro, akaifuata mwenyewe akaiokota.

Siku iliyofuata alikuja wodini akitembea haraka, uso umefunguka. Alikuwa amepata mnunuzi. Kahindo, mama mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo na kufungua depo ya mchele na mawese Kasongo, alikuwa akitafuta pikipiki ya kumpeleka vijijini. Aliijaribu, akaisifu. Alisema tangu afike jimbo hili la Maniema hajapanda pikipiki isiyomvunja mgongo. Bei aliyokubali ilitosha kulipa hospitali na kuwarudisha nyumbani.

"Tumepona," Muzaliwa alisema.

"Na amortisere?" Cadette aliuliza.

Alikaa ukingoni mwa kitanda. Akasema Kahindo ananunua pikipiki jinsi ilivyo. Yeye Muzaliwa atamtafutia Mama Chimène nyingine, baadaye, hata nzuri zaidi.

"Kwa makuta gani?"

"Itapatikana."

"Utafanya kazi na nini ipatikane? Pikipiki utakuwa umeiuza."

Muzaliwa hakuwa mtu wa kupaza sauti, na hata sasa hakuipaza. Ila ilitoka imekauka. "Unataka kubaki hapa juu ya simenti na mutoto mubichi, sababu ya vyuma viwili? Yule mama hana hata mutu wa kuendesha ile pikipiki. Iko imelala tu."

"Niliapa mimi," Cadette alisema. "Wewe hukuapa."

Muzaliwa aliinuka akaondoka. Cadette alibaki amelala ubavu, mtoto kifuani, na hakuwa na uhakika na moyo wake. Alitamani kwenda nyumbani. Alimtamani Benita hadi mikono ikamuuma. Alijua kwamba Muzaliwa akiuza vyote, yeye atalia kidogo, atakasirika, halafu atapanda lori pamoja naye na kurudi. Na kwamba kwa siri atashukuru. Hilo ndilo lililomtisha.

Alasiri Kahindo alikuja mwenyewe kumsalimu, na mche wa sabuni kwa ajili ya mtoto. Alikuwa mwanamke mwenye umri wa mama yake, kilemba kimefungwa vizuri. Muzaliwa alisimama nyuma yake mlangoni. Kahindo alimpakata mtoto, akamsifu, akasema kesho asubuhi atakuja na pesa zote.

"Mama," Cadette alisema, "zile za nyuma, zile zilizokufurahisha, haiko zetu. Ni za mujane wa Wamaza. Alituazima ili nifike hapa. Zetu ni zile zilizofungwa na mpira."

Kahindo alimrudisha mtoto kifuani mwa mama yake kwanza. Halafu akageuka kumtazama Muzaliwa. Wagonjwa wa vitanda vya jirani nao wakamtazama. Muzaliwa alikuwa akitazama viatu vyake.

"Bwana yako hakuniambia," Kahindo alisema.

"Sikukuambia, mama," alisema Muzaliwa.

Kahindo hakumtukana. Alisema anashukuru kwa kujua leo badala ya kujua njiani. Lakini yeye hununua kile alichokipanda. Pikipiki yenye zile nyingine ina bei yake, na bei hiyo ni ndogo. Aliitaja. Kwa bei hiyo lingebaki pengo kubwa kwenye bili ya hospitali. Akaongeza, akiwa ameshafika mlangoni, kwamba depo yake inahitaji mgongo wa kubeba magunia, kama Muzaliwa hataona haya.

Asubuhi, kabla ya kumkabidhi Kahindo pikipiki, Muzaliwa alibadilisha amortisere palepale uani, mbele ya ndugu za wagonjwa waliokuwa wakipika. Alizifuta zile za Mathilde kwa shati lake la ndani, akaziweka chini ya kitanda cha Cadette. Baadaye kitanda hicho kilipewa mwingine, na Cadette akahamia barazani na mkeka wake. Muzaliwa alibeba magunia ya Kahindo hadi ngozi ya mabega ikachubuka. Kila jioni alileta chakula, akakiweka chini, akampakata mtoto kwa muda, akaenda kulala depo. Hawakugombana. Waliongea habari za chakula na za kinyesi cha mtoto. Usiku mmoja mvua ilipopiga hadi barazani, Cadette alizivuta amortisere zile karibu na mwili wake pamoja na mtoto, akazichukia zote mbili.

*

Bili ilipomalizika, walirudi Wamaza juu ya lori la chumvi. Barabara iliwarusha kama karanga kwenye kikaango, na safari hii hapakuwa na chochote cha kuzuia. Cadette alikuwa ameketi juu ya magunia, mtoto kifuani, amortisere zimefungwa kwa kitenge katikati ya miguu yake.

Benita alipowaona alijificha nyuma ya sketi ya Mathilde. Ilimchukua muda kutoka. Cadette alijifanya hajaona. Alikifungua kitenge, akaziinua amortisere, moja kila mkono, akampa Mathilde.

Mathilde alizipokea, akazigeuza, akapitisha kidole mahali ambapo Antoine aliongeza bomba. Kisha akatazama barabarani.

"Na pikipiki yenu?"

"Imebaki Kasongo," Muzaliwa alisema.

Mathilde alimtazama usoni, macho yakashuka kwenye mabega, ambapo shati lilikuwa limegandamana na vidonda. Alimrudishia zile amortisere.

"Zifunge kesho asubuhi," alisema. "Na uje na mafuta kidogo."

Asani alitoa chupa ya petroli bila kuulizwa itarudi lini. Muzaliwa alifunga boloni nne, akaishusha pikipiki kutoka kwenye matofali, akaisukuma hadi nje kwenye jua. Ilikataa, ikakataa tena, akasafisha mshumaa wake wa kuwashia injini, ikakohoa moshi mweusi, ikawaka. Chimène na wadogo zake walikuja mbio, wakasimama mbali, kwa sababu hiyo ndiyo sauti ya baba yao kurudi nyumbani. Mathilde aliingia ndani. Alipotoka alikuwa amevaa viatu vya kanisani na kitenge kipya, na mkononi alishika jembe.

"Nipeleke kwa Yves," alisema.

Tangu wamzike, hakuwahi kufika. Kwa miguu ilikuwa mbali, na hakutaka kukaa nyuma ya motari ambaye angemhesabia kilomita. Watu walimwambia kuna mti, wengine kuna jiwe. Hakujua amwamini nani.

"Ninapajua," Muzaliwa alisema. "Nilipita pale na wachimbaji. Majani yalikuwa yameota. Niliyakata mara moja."

"Hukuniambia."

"Sikujua nianze namna gani, mama."

Mathilde alipanda nyuma yake. Akakaa vizuri, akaliweka jembe mapajani, na baada ya kusita akashika shati la Muzaliwa kwa vidole viwili, kwa uangalifu, mahali pasipo na vidonda. Wakaenda.

Cadette alibaki na watoto wote uani. Alipika sombe ya watu wengi. Chimène, aliyekuwa na umri wa kuanza kuelewa, hakucheza. Alikaa karibu naye akimfukuzia mtoto mchanga nzi. Mchana ulipita. Jua lilikuwa limeinamia michikichi waliposikia pikipiki inakuja.

Mathilde alishuka. Viatu vya kanisani vilikuwa vyekundu kwa udongo, kitenge kilikuwa na tope kwenye magoti, jembe halikuwa mkononi. Alisema ameliacha kule, amelichomeka kichwani mwa kaburi, watu wajue kwamba mtu huyu ana wenyewe. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa imetulia kuliko Cadette alivyoisikia tangu msiba.

Alimgeukia Muzaliwa.

"Sitauza tena. Kesho uende parkingi. Jioni uniletee versement yangu, hesabu ya siku, kama motari wote wanavyomletea mwenye pikipiki. Siku ya mvua kubwa usiende. Jumapili inalala hapa."

Muzaliwa alikuwa na pikipiki yake mwenyewe tangu kabla hajaoa. Cadette aliona shingo yake ikiinama, ikikaa hivyo kidogo, kisha ikanyooka.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mathilde aliketi kwenye kigoda, akavua viatu, akanyoosha mikono apewe mtoto. Kwa siku mbili hizi hakuwa amemtazama sawasawa. Alimfunua uso, akamtazama muda mrefu, bila kusema anafanana na nani. Muzaliwa alichota maji, akaosha tope kwenye magurudumu yote mawili, akafuta kiti. Kisha akaisukuma pikipiki kuelekea mlango wa nyumba. Mathilde akainuka na mtoto mkononi, akamshikia pazia.